Ukoka Ukilala: Historia ya Malisho ya Baridi Kusini mwa Marekani

Wahamiaji wa kwanza walioingiza ng'ombe katika nchi za Carolina na Georgia, karne ya 17 na ya 18, hawakupanda nyasi za majira ya baridi. Malisho hayo waliyakuta. Kandokando ya mito mikubwa, kuanzia Virginia hadi mashariki ya Texas, palikuwa na vichaka vya mianzi ya asili ya huko huko, mianzi ambayo wataalamu wa mimea huiita Arundinaria gigantea. Mianzi hiyo hufika mita sita na zaidi, na majani yake hayapukutiki. Januari, wakati nyasi nyingine zote zimekauka, bonde la mto lilikuwa bado kijani. Ng'ombe waliachiwa humo baridi ilipoanza na kutolewa chipukizi za Aprili zilipotokeza. Miongoni mwa waliowachunga walikuwa Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani, wengine wakitoka Senegambia ambako ufugaji ulikuwa kazi ya mababu. Mwanahistoria Peter Wood ameeleza jinsi ujuzi wa watu hao ulivyochangia ufugaji wa mwanzo wa South Carolina.

Mianzi hiyo haivumilii kuliwa mwaka hadi mwaka bila kupumzishwa. Nguruwe waliifukua mizizi yake, moto ukarudiwa mara nyingi mno, na wakulima nao walijua kwamba penye mianzi pana udongo mzuri, wakaifyeka wapande pamba. Leo haijabaki hata asilimia 2 ya vichaka vile. Historia ya kupanda nyasi za baridi katika majimbo ya Kusini inaanzia kwenye hasara hiyo: watu walimaliza malisho ya bure waliyopewa na nchi, kisha ikawachukua zaidi ya miaka 100 kutafuta kitu cha kujaza pengo.

Pamba ilichukua ardhi yote iliyofaa na nyingi isiyofaa. Georgia peke yake ilikuwa na ekari milioni 5.2 za pamba mwaka 1914. Ng'ombe walisukumiwa kwenye misitu ya misonobari, ambako wafugaji walichoma nyasi kavu kila mwisho wa baridi ili zichipue upya. Chipukizi hizo zilikuwa tamu kwa majuma machache tu. Kabla yake ng'ombe alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, na jike aliyezaa Februari alikuwa akimnyonyesha ndama kwa mafuta ya mwili wake mwenyewe.

Juu ya njaa kulikuwa na kupe. Homa iliyoitwa homa ya Texas iliwaua ng'ombe wa kaskazini kila walipokutana na wale wa Kusini, na hakuna aliyejua kwa nini, mpaka Theobald Smith na F. L. Kilborne walipochapisha matokeo yao mwaka 1893 na kuthibitisha kwamba ugonjwa unaenezwa na kupe. Ulikuwa ushahidi wa mwanzo kabisa wa kisayansi kwamba mdudu wa aina hiyo anaweza kubeba ugonjwa kutoka mnyama hadi mnyama. Mwaka 1906 serikali ya Marekani ikaanza kampeni ya kuwaangamiza kupe, na majosho yakachimbwa kata kwa kata. Ng'ombe walioshwa kwa dawa ya aseniki kila baada ya wiki mbili. Msomaji wa Afrika Mashariki anayekumbuka foleni za josho enzi za homa ya ndigana anaielewa kazi hiyo bila maelezo. Baadhi ya wafugaji maskini waliona wanabebeshwa gharama kwa faida ya matajiri, wakayalipua majosho kwa baruti. Hata hivyo kufikia 1943 kupe hao walikuwa wamekwisha nchini, isipokuwa ukanda mwembamba wa mpakani na Mexico. Kwa mara ya kwanza ng'ombe wa Kusini aliweza kuuzwa popote. Ikawa kuna sababu ya kumlisha vizuri.

Wakati huohuo pamba ilikuwa inaanguka. Fukusi wa pamba alivuka kutoka Mexico na kuonekana karibu na Brownsville, Texas, mnamo 1892, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1920 alikuwa ameenea karibu eneo lote la pamba. Georgia ilipofika 1923, ekari zile milioni 5.2 zilikuwa zimeshuka hadi milioni 2.6. Na udongo wenyewe ulikuwa umechoka. Huko wilaya ya Stewart, kusini-magharibi mwa Georgia, kuna mahali panapoitwa Providence Canyon. Watalii hupapenda kwa kuta zake za rangi ya waridi, njano na zambarau. Si kazi ya mto wala ya maelfu ya karne. Misitu ilikatwa, mashamba yakalimwa kwa kufuata mteremko, na kufikia 1850 palikuwa na mitaro ya mvua yenye kina cha mita moja au zaidi kidogo. Mitaro ikawa makorongo, na makorongo hayo leo yana kina cha takriban mita 45. Nikifikiria historia ya malisho, picha ya mahali hapo ndiyo inayonijia kwanza. Udongo ulioondoka pale haurudi.

Mtu aliyeipigia kelele hali hiyo kuliko wote alikuwa Hugh Hammond Bennett, mtoto wa shamba la pamba huko North Carolina. Aprili 1935 alifanikiwa kulishawishi Bunge la Marekani kupitisha sheria iliyoanzisha idara ya kudumu ya kuhifadhi udongo. Maafisa wake walikuwa na ujumbe mmoja kwa wenye miteremko iliyoliwa na mvua: acheni kulima, pandeni nyasi.

Lazima nitaje pia walioumia. Mwaka 1933 serikali iliwalipa wenye mashamba wapunguze pamba, na ekari zipatazo milioni 10 zikalimwa na kufukiwa zikiwa zimeshaota. Malipo yalikwenda kwa wenye ardhi. Wakulima wa kugawana mavuno, wengi wao weusi, wajukuu wa waliokuwa watumwa, hawakuwa na hati ya kitu chochote. Nyasi na ng'ombe hazihitaji mikono mingi kama pamba. Maelfu kwa maelfu ya familia waliambiwa wahame, wakaelekea miji ya kaskazini. Mandhari ya kijani inayosifiwa leo imekalia mahali palipokuwa na nyumba za watu, na mwandishi wa historia ya nyasi asiyesema hivyo ameficha nusu ya habari.

Swali la maafisa wale lilikuwa: nyasi gani? Jibu lilikuwa likitambaa miguuni mwao. Ukoka, huu huu wetu wa kando ya njia, ulikuwa umefika Amerika zamani za ukoloni, na kufikia 1807 waandishi walikuwa wakiutaja kama nyasi muhimu ya Kusini. Mwenye ng'ombe aliupenda. Mwenye pamba aliuona kama laana, kwa sababu kila kipande cha shina kilichokatwa na jembe kiliota upya, na watoto walimaliza majira yote ya joto wakiung'oa kwa vidole.

Mwaka 1936 kijana mmoja kutoka Nebraska, Glenn Burton, aliripoti kazini kwenye kituo cha utafiti cha Tifton, Georgia. Alikuwa na umri wa miaka 26 hivi. Alipewa kazi ya kuboresha nyasi katika nchi ambayo wakulima wake hawakuiona nyasi kuwa zao. Katika shamba la zamani la pamba karibu na hapo palikuwa pameonekana ukoka wenye nguvu kuliko mwingine. Burton akauchavusha na ukoka ulioletwa kutoka Afrika Kusini, akaotesha maelfu ya miche, kisha akakaa kuitazama. Alitazama upi unastahimili jalidi, upi haushikwi na madoa ya majani, upi haulemewi na minyoo ya mizizi, upi unasimama juu kiasi cha kukatwa hei. Mmea mmoja uliipita mingine yote. Mwaka 1943 ukatolewa kwa wakulima kwa jina la Coastal. Haukuwa na mbegu za kuota, hivyo ulipandwa kwa vipande vya mashina, gunia kwa gunia. Kwa mkulima aliyekuwa akiogopa ukoka hiyo ilikuwa faraja, maana usingeweza kupeperuka hadi kwenye pamba ya jirani. Ukame mkubwa wa 1954 uliwaaminisha waliobaki na shaka: ukoka wa kawaida uliungua, Coastal ikaendelea kuzaa. Baadaye ilifunika zaidi ya ekari milioni 10 za Kusini.

Burton alifanya kazi Tifton kwa zaidi ya miaka 60.

Coastal ilimaliza tatizo la kiangazi. Tatizo la baridi ikaliacha palepale, na kwa namna fulani ikalikuza, kwa sababu mfugaji mwenye nyasi nyingi Julai huongeza ng'ombe, na ng'ombe hao wanakula Januari pia.

Sababu iko ndani ya jani. Nyasi duniani zimegawanyika makundi mawili makubwa kwa jinsi zinavyotengeneza chakula chao. Kundi la kwanza ni la nchi za joto: ukoka, mahindi, mtama, miwa, mabingobingo. Hizi zina mfumo wa kukusanya hewa ya kaboni na kuibana penye kazi, mfumo unaozipa kasi kubwa palipo na jua kali na joto. Joto likishuka, mfumo huo unazorota. Usiku ukiwa chini ya nyuzi 13 hivi, ukoka huacha kukua. Jalidi ya kwanza ikianguka, kwa kawaida Novemba huko Georgia, majani yote hugeuka rangi ya mkate uliookwa na mmea hujificha ardhini hadi Aprili. Kundi la pili ni la ngano, shayiri, oti, rai na jamaa zao. Hizi hazina kasi hiyo ya kiangazi, lakini hukua vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 24 na huendelea kujikongoja hata siku ambazo ukoka umelala kabisa. Kwa miezi mitano ya mwaka Kusini mwa Marekani ni nchi ya kundi la pili, na malisho yake yote yalikuwa ya kundi la kwanza.

Nyasi iliyokuja kuziba nafasi hiyo ilikuwa imeshazoeana na ng'ombe wa maziwa kwa karne nyingi, mbali sana na hapo, kwenye tambarare ya mto Po kaskazini mwa Italia. Mwaka 1135 abasia ya Chiaravalle ilianzishwa nje kidogo ya Milano, na watawa wake walikuwa miongoni mwa walioendeleza aina ya mashamba yanayoitwa marcite. Chini ya ardhi ya Lombardia kuna maji ya chemchemi ambayo hayabadiliki sana joto lake, yanabaki karibu na nyuzi 10 au zaidi kidogo hata theluji ikianguka. Watawa na wakulima waliyatoa maji hayo kwa mifereji, wakayaacha yateleze polepole, tabaka jembamba, juu ya mashamba ya nyasi yaliyochongwa mteremko hafifu. Maji yale yalizuia udongo usigande. Nyasi zikakua Januari, na kufikia Februari zilikuwa zinafyekwa kwa mundu, kisha tena na tena hadi mara saba kwa mwaka au kupita. Maziwa yakapatikana majira yote, na maziwa yaliyozidi yakawa jibini zile ngumu ambazo Lombardia inasifika kwazo hadi leo.

Raigrasi ya Kiitalia, Lolium multiflorum, ni nyasi ya mazingira hayo. Isichanganywe na rai, ile nafaka ya mkate mweusi. Ni mmea mwingine kabisa. Hupenda maji, hupenda samadi, huota haraka na ina majani laini yanayong'aa kwa nyuma. Huishi mwaka mmoja, mara chache miwili. Katika miaka ya 1830 wauza mbegu wa Edinburgh, Peter Lawson na mwanawe, waliwauzia wakulima wa Uingereza mbegu zake, na kutoka Ulaya ikasambaa kila palipo na ng'ombe na baridi isiyozidi kiasi.

Huko Marekani mbegu ilipata makao mahali ambapo hapakutegemewa. Sehemu ya kusini ya bonde la Willamette, jimboni Oregon, ina udongo mzito wa mfinyanzi mweupe unaosimama maji majira yote ya mvua. Ngano hufa humo. Kuanzia miaka ya 1920 wakulima waligundua kwamba raigrasi haijali, na wakaanza kuilima kwa ajili ya mbegu; kondoo waliila majira ya baridi, kisha wakaondolewa ili mashuke yatoke. Wilaya ya Linn ikajipa jina la mji mkuu wa mbegu za nyasi duniani. Karibu mbegu zote za raigrasi ya mwaka mmoja zinazolimwa Marekani hutoka jimbo hilo.

Baada ya mavuno wakulima wa Oregon walichoma mabua mashambani. Desturi hiyo ilianza miaka ya 1940 kupambana na magonjwa ya mbegu, na ilifanya kazi vizuri sana. Kila Agosti anga ya bonde ilijaa moshi. Tarehe 3 Agosti 1988 moshi wa shamba uliifunika barabara kuu karibu na mji wa Albany, magari yakagongana mfululizo, na watu 7 wakafa. Sheria za kupunguza uchomaji zilifuata mwaka 1991, na nyingine kali zaidi 2009. Mfugaji wa Georgia anayefungua gunia la mbegu hana habari ya watu hao.

Miji ya Kusini ilikuwa ikiinyunyiza raigrasi ya Oregon kwenye viwanja vya nyumba ili viwe kijani Krismasi. Kuipeleka kwenye malisho kulikuwa hatua fupi, lakini ilipofika kwenye unyevu wa Ghuba ya Mexico ilikutana na kutu. Kutu ya majani ni ukungu. Unaufuta jani kwa kidole na kidole kinabaki na unga wa rangi ya machungwa. Nyasi ya Lombardia haikuwa na kinga. Kinga ilipatikana Uruguay, kwenye kituo cha La Estanzuela, ambako Alberto Boerger, Mjerumani aliyeajiriwa na serikali ya huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alianzisha kazi ya kuchagua mbegu za nafaka na nyasi. Raigrasi iliyochaguliwa hapo ilipelekwa Texas, ikajaribiwa kwenye uwanda wa pwani, na mwaka 1958 ikatolewa kwa jina la Gulf. Kwa wafugaji wa pwani hiyo ndiyo siku malisho ya baridi yalipoacha kuwa bahati nasibu. Kaskazini kidogo mwa hapo adui hakuwa kutu bali jalidi kali, na jibu lilitoka Mississippi mwaka 1980: Marshall, iliyosifika kwa kustahimili baridi. Gulf na Marshall zimekuwa wazazi au vipimo vya karibu kila aina iliyofuata.

Sasa tutazame kazi yenyewe jinsi wafugaji walivyoizoea, maana uzuri wake uko kwenye kupokezana zamu. Mwisho wa Septemba ukoka bado una nguvu. Ng'ombe huachwa waulambe hadi ubaki sentimita 5 hivi, au unafyekwa. Ukiachwa mrefu, mche mdogo wa raigrasi hufia kivulini. Oktoba mashine ya kupandia hupita na kukata mistari kwenye zulia la ukoka bila kulima, na kudondosha mbegu kina cha sentimita moja. Kilo moja ina mbegu karibu 500,000, na kilo 25 hadi 35 zinatosha hekta. Kisha mvua inasubiriwa. Ikichelewa, mwaka huo umepungukiwa, na hakuna ujanja.

Ikija, huja na mgeni. Viwavijeshi vamizi, wale walioingia Afrika 2016 na kuyatafuna mahindi ya Kenya na Tanzania kuanzia 2017, ni wenyeji wa Amerika. Hawawezi kuishi penye jalidi. Hupitisha baridi Florida ya kusini na Texas ya kusini, na kila mwaka nondo wao huruka kuelekea kaskazini. Hufika Georgia na Alabama kwa wingi mwisho wa kiangazi na kubaki hadi vuli, wakati hasa miche ya malisho inapotokeza. Shamba lililokuwa kijani Jumatatu laweza kuwa jeupe Alhamisi. Ndiyo maana wazee wa huko hutembea alfajiri kwenye umande wakiangalia chini, kabla ya jua kuwafukuza viwavi vichakani.

Miche ikipona, ng'ombe huingia ikifika sentimita 15 au 20. Kwa raigrasi iliyopandwa juu ya ukoka hilo huwa Februari. Anayetaka malisho ya Desemba hulima kabisa na kuchanganya na rai, mara nyingi ya ukoo wa Abruzzi, nayo imetoka Italia. Rai huwahi, raigrasi huchelewa na kudumu hadi Mei. Ndama walioachishwa kunyonya huongeza gramu 700 hadi kilo moja kwa siku kwenye malisho hayo, miezi ambayo babu zao walikuwa wakipoteza uzito. Kwa majike wengi wafugaji hutumia njia ya akiba: saa mbili au tatu za malisho asubuhi, kisha wanarudishwa kwenye hei. Majani machanga yana protini zaidi ya asilimia 20, hivyo saa hizo chache zinafidia umaskini wa hei.

Utajiri huo una hatari yake. Nyasi iliyonyweshwa nitrojeni na kukua haraka siku za baridi yenye mawingu huwa na magnesi kidogo, na jike mwenye ndama mchanga huishiwa nayo kwenye damu. Huanza kutetemeka, hutembea kwa kukaza miguu, huanguka na kurusha kichwa, na asipodungwa dawa upesi hufa. Waholanzi Sjollema na Seekles walieleza chanzo chake karibu na mwaka 1930. Tangu hapo mfugaji mwangalifu huweka magnesi kwenye chumvi ya kulamba kabla ya kufungua lango.

Aprili ukoka huamka, na hapo ndipo wengi hukosea. Raigrasi iko kwenye kilele chake, na mfugaji anaona vibaya kuimaliza. Akiiacha ifunge, ukoka hukosa mwanga na maji, na msimu mzima wa kiangazi unachelewa. Raigrasi lazima iliwe hadi chini mwisho wa zamu yake.

Magharibi zaidi, Oklahoma, Kansas na Texas ya kaskazini, kazi hiyo hiyo hufanywa na ngano ya baridi: ndama huila Novemba hadi karibu Machi, wanaondolewa shina linapoanza kuwa na uwazi ndani, na ngano ileile huvunwa Juni. Raigrasi haikaribishwi huko hata kidogo. Ndani ya ngano ni gugu baya, na tangu 1987, Oregon ilipoona raigrasi isiyokufa kwa dawa iliyokuwa ikitegemewa, usugu wake umeendelea kuongezeka.

Afrika Mashariki inaingia katika historia hii kwa mlango wa nyuma, bila kutajwa sana. Burton hakuridhika na Coastal. Ilizaa wingi, lakini ng'ombe hawakuimeng'enya vizuri. Alikusanya ukoka wa dunia nzima, mamia ya aina, akaupima mmoja mmoja kwa mmeng'enyo wake, na mmea kutoka Kenya ukawa miongoni mwa bora kabisa. Mwaka 1967 akatoa Coastcross-1, mtoto wa Coastal na mmea huo. Ng'ombe waliongeza uzito kwa kasi ya asilimia 30 zaidi. Haukuweza jalidi ya Georgia, lakini Kuba na nchi nyingine za joto ziliuchukua. Baadaye ikaja Tifton 68, ambayo ni ukoka mkubwa wa aina ya Afrika Mashariki, ule unaotambaa juu ya ardhi bila mashina ya chini. Hiyo ikachavushwa na mmea wa Afrika Kusini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikapatikana Tifton 85, ambayo wafugaji wengi wa Kusini wanaiweka juu ya zote. Kila Oktoba mbegu ya asili ya Italia, iliyolimwa Oregon, hupandwa juu ya zulia lenye damu ya Kenya.

Nyasi ya Kikuyu nayo imepita njia hiyohiyo. Ilipelekwa Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, na leo karibu na mji wa George, pwani ya kusini ya nchi hiyo, mashamba ya maziwa hupanda raigrasi juu yake kila mwaka inapozubaa kwa baridi.

Kwetu pengo la mwaka si la baridi ila la ukame, na sehemu kubwa ya mafunzo ya Georgia haitufai moja kwa moja. Raigrasi itakufa Dodoma na Kajiado. Lakini kuna Kinangop, kuna Molo, kuna Kitulo ambako jalidi huanguka Juni na Julai, na huko oti na raigrasi zinastahili kupewa kiraka penye unyevu, zipandwe kabla mvua hazijakata, na zipimwe kwa lita za maziwa. Na kwa maafisa mifugo na wanafunzi wa vyuo vya kilimo nina ombi moja. Ukoka bora wa karne iliyopita ulichukuliwa Kenya, ukathaminiwa Georgia. Bado kuna mwingine unaotambaa kando ya barabara, penye nyayo za ng'ombe na chini ya nyaya za umeme, na hakuna mimea miwili iliyo sawa. Uchukueni, mpande kwa mistari, muandike ulikotoka, muupime, kabla lami na nyumba hazijaufunika.